Mtu wa Mlango, Mtu wa Rafu

Asubuhi ile mkutubi mkuu alifika kazini hata kabla ya mlinzi. Alikuwa ametoka kwenye semina ya wakuu wa maktaba, na kichwani alikuwa na jambo lisilomwacha atulie mpaka alitende. Mwalimu wa semina, bwana mmoja mrefu mwenye tai ya manjano, alikuwa amewaeleza kwamba watu kazini hawagombani kwa sababu ni wabaya. Wanagombana kwa sababu tabia zao ni za mafungu tofauti na hakuna aliyewahi kuwafafanulia. Mkutubi mkuu aliposikia hivyo aliwakumbuka wafanyakazi wake wawili, nusura apige makofi peke yake.

Alikuwa bado mgeni kwenye cheo. Maktaba aliyokabidhiwa ilikuwa ndogo, yenye madirisha marefu na sakafu ya mbao inayolia kila ukiikanyaga, na ndani yake mlikuwa na vita.

Upande mmoja alikuwapo mama wa dawati la kuazimia vitabu. Wasomaji walimwita Kengele kwa sababu ya kicheko chake, kilichoanzia dawatini, kikapita kwenye rafu za historia na kuwafikia waliosinzia juu ya magazeti. Alijua nani kajifungua, nani kahama, nani anaazima vitabu vya mapishi na wala jiko hana. Upande wa pili alikuwapo mwainishaji, bwana mwembamba mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Kazi yake ilikuwa kupokea vitabu vipya, kuviandikia namba mgongoni na kuamua kila kimoja kikae rafu gani. Akishamaliza kukueleza jambo husema "nukta," kisha anageuka zake. Basi naye akaitwa Nukta.

Chumba cha Nukta kilikuwa nyuma ya dawati la Kengele, wametenganishwa na ubao mwembamba tu. Kengele akicheka, mlango wa chumba kile hufunguka kidogo, mkono hutoka na kubandika karatasi iliyoandikwa KIMYA. Kengele naye huzichora karatasi zile macho, pua na mdomo unaocheka, akaziacha hapo hapo.

Walikuwa hawasemeshani. Wakiwa na neno la kazi walimtumia Mzee Gundi, fundi wa kushona na kugandisha vitabu vilivyochanika, ambaye sikio lake moja lilikuwa limekwisha kustaafu kabla yake.

"Mwambie huyo mwenye vicheko," Nukta alikuwa akisema, "kitabu cha mifugo hakikai na vitabu vya ndoa."

Mzee Gundi husogea hatua chache, akainama dawatini. "Mwenzako anakusalimu. Anasema kuna kitabu kimepotea njia."

Mkutubi mkuu alikuwa amejaribu kuwapatanisha kwa chai, kwa kikao na kwa ukali. Vyote viligonga mwamba. Sasa alikuja na dawa ya semina.

Kabla ya kufungua milango aliwakusanya wote katikati ya chumba cha kusomea, wao watatu na mlinzi. "Chumba hiki kina pembe nne," alisema, macho yakimng'aa. "Kuna mlango, kuna rafu, kuna dirisha, kuna meza. Nitauliza swali moja tu. Ukipata siku ya mapumziko, huna kazi wala mgeni, unafanya nini? Unayetoka kutafuta watu, nenda mlangoni. Unayepanga vitu vyako vikae sawa, nenda kwenye rafu. Unayekaa ukawaza mambo mapya, dirishani. Unayetafuta mtu umpikie au umsaidie, nenda mezani."

Kengele alielekea mlangoni kabla sentensi haijaisha. Nukta alikwenda kwenye rafu, na alipofika akanyoosha vitabu viwili vilivyoinama. Mlinzi naye akaenda mlangoni.

"Wewe pia hutoka kutafuta watu?" mkutubi mkuu alimuuliza.

"Hapana, madamu. Mimi kituo changu ni hapa."

Mzee Gundi alikuwa ameketi mezani. Alipoulizwa kama yeye ni mtu wa kusaidia wengine, akajibu, "Hapa ndipo penye kiti."

Walicheka, hata Nukta mdomo ulimcheza kidogo. Mkutubi mkuu akawaeleza maana yake. Mtu wa mlango anapenda watu, mpe kazi ya watu. Mtu wa rafu anapenda utaratibu na ukimya, usimshtue, mwambie jambo mapema. Kisha akawageukia wale wawili. "Mmeona? Hakuna mbaya hapa. Huyu ni mlango, huyu ni rafu."

Na kusema kweli dawa ilianza kufanya kazi. Kengele alipojua kwamba mwenzake hapendi kushtuliwa, alianza kugonga ule ubao kabla ya kusukuma mkokoteni wa vitabu vilivyorudishwa. Karatasi za KIMYA zikapungua. Mkutubi mkuu alitembea maktabani akijiona bingwa. Alipofika nyumbani alimpanga na mumewe, fundi umeme mpole aliyekuwa anaosha vyombo.

"Wewe ni mtu wa meza," alimwambia.

"Mimi ni mtu wa sinki," mume alijibu. "Nipishe nisije nikakurushia maji."

Lakini haukupita muda pembe zikaanza kuota pembe zake. Mlinzi aliombwa asaidie kubeba maboksi, akasema samahani, yeye ni mlango. Mzee Gundi aligundua kwamba mtu wa meza hawezi kupanda ngazi. Wasomaji nao walidaka maneno yale. Bibi mmoja aliyechelewa kurudisha riwaya alijitetea kwamba yeye ni mtu wa dirisha, tarehe hazimkai kichwani. Mkutubi mkuu aliyachukulia yote hayo kama utani. Kwake yeye kila mtu alikuwa amekwisha kujulikana.

Ndipo ikaja shughuli ya chumba cha watoto. Chumba hicho kilikuwa kimefungwa kwa muda mrefu kwa sababu paa lilivuja. Sasa paa lilikuwa limeezekwa upya, kuta zimepakwa rangi ya samawati, viti vidogo vimekuja. Shule za jirani zilialikwa, na wazazi, na wakubwa wa halmashauri. Jambo kuu la siku hiyo lingekuwa hadithi ya kuwafungulia watoto chumba chao.

"Hadithi atatoa Kengele," mkutubi mkuu alisema kwenye kikao. Wala hakufikiri mara mbili. "Watu ni kazi yake. Nukta atakaa nyuma ya rafu kuhakikisha vitabu vya kuonyesha vimepangwa."

Kengele alisema, "Sawa, madamu."

Alisema hivyo tu, bila kicheko. Mtu mwingine angeshtuka, maana Kengele hata akitajiwa mvua hucheka. Mkutubi mkuu hakushtuka. Alikuwa anawaza maputo.

Siku ilipofika, watoto waliingia kama maji yaliyofunguliwa bombani. Walijaa kwenye viti, wakajaa kwenye mkeka, wakajaa madirishani. Walimu walikuwa wakisema "kaeni" na hakuna aliyekaa. Wakubwa wa halmashauri walipewa viti vile vidogo, magoti yakawafika kidevuni. Mkutubi mkuu alisimama mbele, akakaribisha wageni, akasema kwa majivuno kidogo, "Na sasa, mwenzetu mnayemjua wote, atatupa hadithi!"

Makofi yakapigwa. Kengele akatoka mbele. Alikuwa amevaa gauni jipya lenye maua, na mikono ameifungia tumboni. Aliwatazama watoto. Watoto wakamtazama. Kukawa kimya, kile kimya kizuri cha watoto wanaongoja. Kengele alifungua mdomo, akaufumba. Akafungua tena. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Hapo..." alianza, na sauti ikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Kisha akageuka, akapita katikati ya walimu, akatoka.

Mkutubi mkuu alikenua meno kwa wageni, akasogea mbele mwenyewe. Hakuwa na hadithi hata moja. Jambo pekee lililomjia kichwani lilikuwa kanuni za kuazima vitabu, basi akaanza nazo. "Watoto wazuri, kitabu hakikunjwi ukurasa. Chakula hakiliwi juu ya kitabu..." Mtoto mmoja akapiga miayo mpaka akaonekana kimio. Mwingine akaanza kumvuta nywele mwenziwe. Mdogo kuliko wote akaangua kilio, na kilio, kama kawaida yake, kikaanza kuambukiza.

Hapo ndipo kiliposikika kishindo nyuma ya rafu, na baada ya kishindo, sauti nzito, ya chini kabisa, sauti ya kitu kinene kinachotoka majini.

"Naaaani analia kwenye mto wangu?"

Kilio kikakatika. Vichwa vyote viligeuka. Juu ya rafu ya vitabu vya wanyama ukatokea mkono, mkono ule ule uliozoea kubandika karatasi. Ulikuwa umeinua vidole viwili kama masikio madogo, na ulikuwa unatikisika.

"Mimi ni kiboko," ule mkono ukasema. "Nina shida. Nataka kupiga chafya. Lakini kila nikipiga chafya, mto wote unahama. Samaki wanaamkia kijiji cha pili. Nifanye nini?"

"Ziba pua!" mtoto mmoja alipiga kelele.

"Nizibe na nini? Kidole changu ni kinene kuliko pua!"

Chumba kikalipuka kwa vicheko. Na Nukta, na suruali yake iliyosimama yenyewe, akatokea kutoka nyuma ya rafu akitembea kwa magoti, mashavu ameyajaza hewa.

Mkutubi mkuu alibaki ameduwaa, kanuni za kuazima zikiwa bado mdomoni. Alijiuma ulimi, akarudi nyuma taratibu, akatoka kumtafuta Kengele.

Hakumkuta dawatini. Hakumkuta jikoni. Alimkuta kwenye chumba cha Nukta, ameketi katikati ya vitabu ambavyo havijapata namba, uso umetulia na macho mekundu. Mzee Gundi alikuwa amesimama kando yake na kikombe cha maji.

"Nimekuaibisha, madamu," Kengele alisema.

"Hujaniaibisha. Unaumwa?"

"Siumwi. Mimi mtu mmoja namuweza. Akija dawatini, tukatazamana, tunaongea mpaka kesho. Wawili nawaweza. Lakini umati ukinitazama hivi, nakufa ganzi. Tangu shuleni."

"Sasa mbona hukusema kwenye kikao?"

Kengele alimtazama, si kwa hasira. "Ulikwisha kunisimamisha mlangoni. Ningesema naogopa watu, nani angeniamini? Hata mimi nilitaka kuamini kwamba siogopi."

Mkutubi mkuu alivuta boksi, akaketi juu yake, sketi yake ya sherehe ikaingia vumbi.

"Na kucheka kwako kote kule?" aliuliza polepole.

"Kimya kinanitisha. Nyumbani kwetu baba alikuwa akinyamaza tulijua amekasirika. Basi mtu akinyamaza karibu yangu, mimi naanza kumchekesha, nikijichekesha na mwenyewe. Huyu jirani yangu miaka yote yuko kimya nyuma ya ubao. Nikajua ananichukia. Kadiri anavyonyamaza, ndivyo ninavyocheka."

Mzee Gundi alikohoa. Ama hakika sikio lake lililobaki lilikuwa likisikia vizuri likitaka. "Hakuchukii," alisema. "Anasema una kelele. Hilo ni jambo lingine kabisa."

Kutoka chumba cha watoto ikaja sauti ya umati mzima ukihesabu kwa pamoja, halafu "Ha... ha... haaa..." ya kiboko anayejizuia. Kengele alinyanyua kichwa.

"Nani huyo?"

"Ni yeye," mkutubi mkuu alisema.

"Yeye nani?"

"Njoo uone."

Walikwenda watatu kwa kunyata, wakasimama mlangoni. Nukta alikuwa katikati ya mkeka. Miwani imepinda, tai iko begani. Sasa alikuwa kiboko, alikuwa chura daktari, alikuwa samaki aliyechoka kuhamahama, na kila mmoja alikuwa na sauti yake na mwendo wake. Mkubwa mmoja wa halmashauri alikuwa amepewa kazi ya kuwa kisiki na alikuwa akiifanya kwa bidii. Watoto walikuwa wamemzunguka wakitoa ushauri. Kiboko akazuia chafya mara ya mwisho, akazuia, akazuia, macho yakatoka pima, mashavu yakawa kama maputo, na badala ya chafya kubwa iliyongojwa ikatoka kisauti chembamba kama cha kifaranga.

"Chii."

Kengele alicheka. Hakujizuia wala hakuweza. Kicheko chake kikapanda ukutani, kikagonga paa jipya, kikarudi. Watoto wote wakageuka kumtazama, na Kengele akashika mdomo kwa hofu. Nukta naye akageuka. Alimwona. Akamnyooshea kidole.

"Haya! Ndiyo hiyo!" alisema kwa sauti ya kiboko. "Chafya yangu imetokea kwa yule mama! Kimbieni, mto unahama!"

Zogo lililofuata, mlinzi alilisikia mpaka getini. Watoto walikimbia huku na huku wakihama na mto, viti vikaanguka, kisiki cha halmashauri kikapinduliwa kikicheka mpaka kikashika mbavu. Na hakuna aliyebandika karatasi yoyote.

Wageni walipoondoka, wanne hao walibaki wakiokota maputo. Mkutubi mkuu alimwendea Nukta.

"Ulijifunzia wapi?"

Nukta alikuwa amekwisha kurudia sauti yake ndogo. "Mimi ni kifungua mimba nyumbani. Nyuma yangu kuna wadogo chungu nzima. Mama alikuwa akirudi sokoni amechoka, mimi ndiye niliyewalaza. Bila hadithi hawalali. Sasa wamekua, kila mmoja na mji wake. Hakuna wa kumlaza."

"Lakini ulikwenda kwenye rafu."

"Uliuliza nikiwa peke yangu nafanya nini. Nikiwa peke yangu napanga vitu. Hukuuliza nikiwa na watoto nafanya nini." Akafikiri kidogo. "Nukta."

Kengele alikuwa karibu, ameshika puto. Safari hii hakumtuma mtu. "Mimi nilidhani unanichukia," alisema.

"Mimi nilidhani unanicheka," Nukta alijibu.

Walitazamana. Halafu, kwa kuwa walikuwa wameanza, wakaendelea. Wakaulizana kuhusu hiki na kile. Na katika kuulizana wakagundua kwamba salamu zote walizokuwa wakiletewa hazikuwahi kutumwa.

"Kumbe ulisema mimi ni gunia la makopo?" Kengele aliuliza.

"Nilisema. Wewe ulisikiaje?"

"Nilisikia unaniulizia hali ya mwanangu, nikadhani ni kejeli!"

Wote wakamgeukia Mzee Gundi. Mzee alikuwa anaelekea zake kwenye chumba chake, upole upole. "Kazi yangu ni kugandisha," alisema bila kugeuka. "Mlitaka nichane?"

Jioni ile mkutubi mkuu alimsimulia mumewe kila kitu, akimwigizia na kiboko. Mume alicheka mpaka akakaa chini. Mwishowe mkutubi mkuu akasema, "Nilikuwa nimeona kitu cha kweli, sivyo? Kweli huyu anapenda utaratibu, na huyu anapenda watu."

"Umeona cha kweli," mume alisema. "Halafu ukaacha kutazama."

Maneno hayo yalimwingia. Hakuzitupa pembe zake, maana Kengele bado aligonga ubao kabla ya kusukuma mkokoteni, na hilo lilikuwa jema. Ila alianza mazoea mapya. Kila juma alichukua kiti chake akaenda kuketi na mmoja wao kazini kwake, akauliza, akasikiliza. Alijua kwamba mlinzi huandika nyimbo za arusi. Alijua kwamba Mzee Gundi hapandi ngazi kwa sababu goti linamuuma na anaona haya kusema. Ngazi ikaondolewa, rafu zake zikashushwa.

Hadithi zikawa za kila Jumamosi. Nukta ndiye alikuwa mwenye uwanja. Kengele alikaa nyuma kabisa, kwenye mkeka mdogo, na wale watoto ambao, kama yeye, umati huwatisha. Aliwachukua mmoja mmoja, akanong'onezana nao, na taratibu, wiki baada ya wiki, wengine walisogea mbele wenyewe. Wengine hawakusogea, na hakuna aliyewalazimisha.

Jumamosi moja Nukta alikuja na hadithi yenye mamba wawili. Yeye angekuwa mmoja. Alimtazama mkutubi mkuu aliyekuwa anapita na faili mkononi.

"Madamu, tunahitaji mamba."

"Mimi? Mimi sijui kuigiza. Nina ripoti ya kumaliza."

Watoto walikuwa wamekwisha kumgeukia wote. Kengele, kule nyuma, alimfanyia ishara kwa kichwa: nenda. Mkutubi mkuu aliweka faili juu ya kiti. Akavua viatu. Akalala kifudifudi kwenye mkeka, na sketi yake, akafungua mikono kama taya, akanguruma.

Ilikuwa ngurumo ya kusikitisha. Watoto walimtazama kwa huruma.

"Mamba hasemi hivyo," msichana mmoja mdogo alimweleza, akachuchumaa kando yake. "Anza kutoka tumboni. Hivi."

Akamwonyesha. Mkutubi mkuu akavuta pumzi mpaka chini, akafumba macho, akanguruma tena.

"Afadhali," msichana alisema. "Tena."

Akarudia tena.